Muiri Uliofungwa Kiuno

Meneja wenu alinipigia simu akaniomba niandike ukurasa mmoja wa kuwakaribisha kazini. Alisema kwa heshima kwamba kuna vijana saba wapya wa kutembeza wageni, na kwamba ingefaa msikie kutoka kwa mtu aliyefanya kazi katika bustani hiyo ya Thika kwa miaka thelathini na moja. Akanialika nije kwanza nitembee kama mgeni, nione mabadiliko, kisha niandike. Nilikuja Jumanne. Mabadiliko niliyaona. Kwa hivyo makaribisho mtayapata kwa mtu mwingine. Mimi nina lalamiko, na halitoshi ukurasa mmoja.

Lalamiko langu ni juu ya mti wa muiri ulio karibu na ukuta wa upande wa mto, ule wenye makovu kwenye shina. Mnaufunga. Mkiendelea kuufunga utakufa, na nikisema hivyo sikisii, kwa sababu niliwahi kukaribia kuuua mimi mwenyewe kwa njia hiyo hiyo. Lakini nikianza na hapo mtasema huyu ni shosho, bibi kizee tu anayependa kugomba. Wacha nizunguke kidogo.

Jina langu ni Nekesa, ingawa bustanini wote waliniita Mama Simiyu. Simiyu si mwanangu. Ni ndugu yetu wa mwisho. Baba alitoka Bungoma kuja kufanya kazi katika mashamba ya kahawa ya Ruiru, akafa huko, na mama akamfuata mwaka haujaisha. Nilikuwa darasa la sita. Nilirudisha vitabu vya shule na kubaki nyumbani na wadogo watatu, na Simiyu alikuwa bado anatambaa. Kiunoni alikuwa na uzi wa shanga aliofungwa na mama. Kila mwezi niliulegeza, kwa sababu nilimwona mama akiulegeza kila mwezi. Hakuna aliyenifundisha. Mtoto anakua, uzi haukui, mtu yeyote mwenye macho anaona hivyo. Uzi huo nitaurudia, kwa aibu yangu.

Kazi ya bustani niliipata nikiwa msichana mkubwa, baada ya miaka kadhaa ya kuchuma kahawa. Nilipewa fagio na eneo la kufagia, kutoka lango kuu hadi kwenye mitende ya zamani ambayo watu wa kwanza wa bustani waliipanda kabla mji haujawa mji. Upande mmoja viwanda, upande wa pili soko na honi za magari, na katikati miti iliyoletwa kutoka kila pembe ya dunia, kila mmoja na kibao chake cha shaba chenye jina. Ilikuwa bustani ya kuheshimika. Wageni ndio walikuwa shida.

Sitaki kuwaficha. Mnajua tayari, hata kama mna wiki mbili tu kazini. Jumamosi wanakuja maharusi, magari sita ya maua, na bibi harusi anataka kupigwa picha akiwa ameketi kwenye tawi ambalo halijawahi kubeba hata kunguru. Jumapili wanakuja watu wa maombi, wanapiga kelele kwenye mwanzi hadi sauti zinawakauka, kisha wanamwaga mafuta na chumvi kwenye mizizi. Chumvi. Kwenye mizizi. Siku za kazi wanakuja wanafunzi, na mwalimu wao analala kwenye benchi. Kuna wanaokuja na jiko. Kuna aliyekuja na mbuzi, akasema ameona bango kwamba bustani iko wazi kwa familia.

Na wote, wote bila kubakisha, wanauliza, "Huu ni mti gani?" Wanauliza wakiwa wameshika kibao kwa mkono. Kuna mwanamume aliniuliza jina la mti huku ametundika koti lake kwenye kibao. Nilimwambia, "Inua koti lako, utasoma." Akaniambia, "Si wewe ndiye unalipwa kujua?" Nimestaafu miaka kadhaa sasa na bado nikimkumbuka napata joto kwenye masikio.

Aliyenifunza kazi alikuwa Mzee Ndirangu, mtu wa Gatanga, mfupi, mwenye maneno machache na kofia moja. Hakuwa na subira na mimi. Mwaka wangu wa pili alikwenda kwao siku yake ya mapumziko, akarudi na mbegu za muiri kwenye leso. Alisema ule msitu mdogo ambao yeye alichungia mbuzi akiwa mtoto ulikuwa unakatwa, na kwamba bustani yenye miti ya Brazili na Burma lakini isiyo na muiri ilikuwa inatucheka sisi. Akanipa mbegu nizitunze hadi kesho yake. Mimi mtoto wa watu wa mahindi na maharagwe, mbegu naijua: inaanikwa. Nilizianika juani kwenye gunia mchana kutwa, nikazigeuza vizuri.

"Umefanya nini?" aliniuliza.

"Nimezikausha, Mzee."

"Nani alikwambia?"

"Hakuna. Mbegu si inakaushwa?"

Aliangalia gunia, akaangalia juu, akaniangalia mimi. "Nekesa, hii umeua yote. Mbegu ya muiri inapandwa ikiwa mbichi. Ikikauka imekufa. Ulikuwa na mdomo, ungeuliza."

Alirudi Gatanga mapumziko yaliyofuata, kwa miguu sehemu kubwa ya njia, akaokota nyingine chini ya mti wa mwisho uliokuwa umesimama. Safari hiyo tulizimenya siku hiyo hiyo na kuzipanda kwenye mchanga wenye kivuli. Ziliota nne. Panya akala mbili, lori la mchanga likakanyaga moja. Iliyobaki ndiyo hiyo iliyo karibu na ukuta. Aliporudi Gatanga mara ya tatu, mti mama ulikuwa umeshachanwa mbao. Kwa hivyo mnapoona muiri huo mjue si mti mmoja kati ya mingi. Ndio uliobaki wa msitu mzima.

Sasa vibao. Mzee Ndirangu alikuwa na utaratibu wake, na naomba muusome polepole. Kibao kinapigiliwa kwa msumari mmoja mrefu, na msumari hauzamishwi wote. Unaacha nafasi ya vidole viwili kati ya kibao na shina. Kisha kila mwaka, mvua ndefu inapoanza, unazunguka bustani nzima na nyundo, mti baada ya mti, unavuta kila msumari nje kidogo, kwa sababu shina limenenepa. Sisi tuliita kazi hiyo kuzungukia. Ilichukua siku tisa. Mimi niliichukia kwa sababu mvua ilikuwa inaingia shingoni, na Mzee hakukubali turuke hata mti mmoja, hata ile iliyozeeka ambayo haikuwa inanenepa tena. Alikuwa akipitisha vidole vyake viwili nyuma ya kila kibao, hivi, kama mtu anayepima kola ya shati.

Alistaafu. Nikabaki mimi na nyundo. Na hapo ndipo watu wa skrepu, wale wa vyuma chakavu, walipogundua vibao vyetu.

Vile vya zamani vya shaba viliisha kwa miezi miwili. Mtu anaingia kama mgeni, anatembea polepole, anapenda maua, anatoka na kibao kwenye soksi. Tukatengeneza vya bati. Wakachukua bati. Kila asubuhi nilikuwa napata mashina matupu na shimo la msumari, na kila mchana wageni wananiuliza huu ni mti gani, huu ni mti gani, na hasira yangu ikawa inaanza kabla hata hawajafungua mdomo. Niliona ninaweza kusema jina la mti mara mia kwa siku hadi nife, au ninaweza kutafuta dawa.

Dawa niliipata kwa mafundi waliokuwa wanajenga choo. Ule waya mwembamba wa kufungia vyuma. Niliuzungusha mara mbili kwenye shina, nikapitisha kwenye matundu ya kibao, nikakaza kwa koleo hadi ukalia. Mwizi mmoja nilimwona kwa macho yangu anavuta, anavuta, anaacha. Nilifurahi siku hiyo kuliko siku ya mshahara. Nilifunga miti michanga yote ambayo shina lake lilizungushika. Muiri wa Mzee Ndirangu ndio niliofunga kwanza, na niliufunga kwa waya wa mara tatu, kwa sababu niliupenda.

Miaka miwili ya kwanza nililegeza. Nisingizieni mengine, hilo nililifanya. Kisha ofisi ikaniondoa kwenye nyundo na kunipa kazi ya kutembeza wageni kuanzia lango linapofunguliwa hadi linapofungwa. Walinipa beji. Niliona nimepanda cheo. Kuzungukia kukakosa mtu, na mimi nikawa sina nafasi hata ya kunywa chai, kwa sababu ya hao hao wageni. Na mwizi mmoja mwenye bidii kuliko wenzake alifanikiwa kukunja kibao cha muiri mara nyingi hadi kikakatika kwenye matundu. Akaenda na kibao. Waya ukabaki. Nilichomeka kibao kipya kwenye kijiti ardhini, nikamlaani yule mtu, nikaendelea na kazi. Waya nikausahau. Gome la mti likaufunika kama mdomo unavyofunika pipi.

Miaka ikapita. Simiyu akamaliza shule, akaoa, akahamia mtaa wa Kahawa Sukari na kuanza kuniambia nimezeeka. Muiri ukawa mrefu kupita ukuta.

Kisha mwaka mmoja majani yake yalianza kuwa ya njano kabla ya wakati.

Nilijua mara moja ni nani. Gome la muiri ni dawa, hilo kila mtu anajua, hasa wazee wanaume wenye shida ya kwenda haja ndogo. Wanakuja na kisu mfukoni na sura ya mtu anayetafuta hewa safi. Nilianza kulinda. Nilimfukuza mzee mmoja hadi langoni kwa sababu aliegemea mti. Baadaye nilisikia alikuwa amesikia kizunguzungu tu. Nililalamikia watu wa maombi na chumvi yao. Nililalamikia moshi wa viwanda. Na zaidi ya wote nilimlalamikia Mama Shiru.

Mama Shiru ni fundi wa nguo, ana cherehani kwenye kibaraza mtaa wa nyuma ya soko. Kwa miaka mingi alikuwa anakuja kula chakula chake cha mchana chini ya muiri, kwenye nyasi, karibu kabisa na kibao cha kukataza watu kukalia nyasi. Akimaliza anasuuza kopo lake na kumwaga maji pale pale. Tulikuwa tumegombana mara nyingi hata askari wa bustani walikuwa wanatupisha. Siku moja nilimkuta anamwaga.

"Ni wewe," nikamwambia. "Ni wewe unaua huu mti na masupu yako."

"Haiya. Mchuzi wa ndengu unaua mti?"

"Angalia majani."

"Nimeangalia. Nimeangalia hata kabla yako, kwa sababu mimi nakaa hapa nikitulia, si kama wewe unayepita ukifoka." Alifunika kopo lake polepole makusudi. "Mama Simiyu, kwani huyu mti wako ulimvalisha mshipi?"

"Mshipi gani?"

"Mimi kazi yangu ni viuno. Kuna mwanamke amenenepa lakini hataki kuongezewa nguo. Anavuta zipu hivyo hivyo. Unamwona amefura juu, amefura chini, katikati amekatika." Alisimama, akaweka mikono yake miwili kwenye shina, mmoja juu mwingine chini, kama anapima mteja. "Sasa huyu amefura juu peke yake. Chini amekonda. Guza hapa. Kuna kitu kimemkaba."

Niliguza kwa sababu nilitaka kumwonyesha ni mjinga. Kidole changu kikaingia kwenye mfereji mwembamba kati ya midomo miwili ya gome. Ndani kabisa kulikuwa na kitu kigumu na baridi.

Nilikiacha kidole mle mle. Nilikuwa nafikiria uzi wa Simiyu. Mtoto nilimlegezea kila mwezi nikiwa mimi mwenyewe mtoto, na mti nimeukaba miaka nikiwa mtu mzima mwenye beji.

Mnaelewa kinachotokea? Chakula cha mti kinatengenezwa kwenye majani, kinashuka mizizini kupitia gome. Si kupitia katikati ya shina, ni gome. Ukilikata au kulikaba mzunguko mzima, mizizi inakufa njaa. Mti hauanguki siku hiyo. Unaendelea kusimama na majani yake, unakudanganya mwaka, miaka miwili, huku chini umeshaanza kufa. Wachuna gome wa kweli, wale niliokuwa nawafukuza, wanajua hilo. Wale wanaoheshimu mti wanachukua kipande upande mmoja na kuacha upande mwingine. Mimi sikuacha upande wowote.

Nilikwenda Gatanga kumwambia Mzee Ndirangu. Ningeweza kuuliza mtu mwingine, kulikuwa na wasomi karibu, lakini mti ulikuwa wake. Nilimkuta ameketi nje anapukuchua mahindi, kofia ile ile. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama.

Alipukuchua gunzi lile hadi likaisha.

"Nilikuonyesha vidole viwili," alisema.

"Ulinionyesha."

"Miaka mingapi nilikuonyesha?"

"Kumi na mmoja, Mzee."

"Na ukafunga na waya." Alitupa gunzi. "Kwa sababu wageni wanakuuliza jina la mti."

"Wanaiba vibao, Mzee."

"Si mdomo ulikuwa nao? Hiyo wangeiba aje?"

Nikaketi, nikachukua hindi moja, nikaanza kupukuchua.

Alikuja Thika wiki iliyofuata, mvua ilipokuwa imelainisha gome. Magoti yake yalikuwa yamekataa kuinama, kwa hivyo aliketi kwenye kigoda cha Mama Shiru na kuniamuru kama siku zile. Nilipasua midomo ya gome kwa patasi, nikakata waya na kuutoa vipande vipande kwa koleo. Ulitoka mwekundu kwa kutu. Chini yake gome lilikuwa limekufa karibu mzunguko wote. Upande wa ukutani tu palibaki pazima, upana wa viganja viwili hivi.

"Huo upande ndio umemweka hai," Mzee alisema. "Haumtoshi. Tumjengee madaraja, chakula kipate pa kupita."

Hii ndiyo njia, na siku moja mtaihitaji, Mungu apishe mbali. Unakata vijiti vinne kutoka kwenye matawi ya mti wenyewe, unene wa penseli, vya mwaka uliopita, si vile vya kijani kibichi. Unachonga kila ncha iwe kabari. Unapasua gome zima chini ya kidonda, unainua ulimi mdogo, unaingiza ncha ya chini. Unafanya hivyo hivyo juu ya kidonda kwa ncha ya juu. Usigeuze kijiti, cha juu kikae juu, kwa sababu kikipinduliwa hakishiki. Na usikivute kikanyooka. Kiache kimejipinda nje kama upinde, ili upepo ukitikisa mti kisichomoke. Unabana kila ncha kwa msumari mdogo, unaziba kwa nta ya nyuki, hewa isiingie. Kisha unafunga.

Nilikuwa na kamba ya nailoni tayari mkononi. Mzee Ndirangu aliiangalia ile kamba, kisha akaniangalia mimi.

"Huyu," alimwambia Mama Shiru, "huyu hata afe atafungwa kwa sanda ya nailoni."

Mama Shiru alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akatoa kwenye mfuko wake mabaki ya kitambaa, akayachana kuwa vipande vyembamba. "Pamba," alisema. "Ni kitambaa cha kwaya. Kikinyeshewa miezi sita kinaoza chenyewe. Mti ukinenepa, unakipasua."

Tulifunga madaraja manne kwa sare ya kwaya, zambarau. Wageni walipita wakauliza kama ni mti wa kanisa. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilisema ndio.

Matatu yalishika. La nne lilikauka, na kwa kweli ndilo nililofunga wakati namjibu mgeni aliyetaka kujua choo kiko wapi. Mwaka ule mti haukutoa maua. Mwaka wa pili ulitoa majani mapya, ya kijani kweli, na Mzee Ndirangu alikuja akayaona, akapitisha vidole vyake viwili nyuma ya kila daraja, akaondoka bila kuaga. Hiyo kwake ilikuwa sherehe. Siku hizi madaraja hayo yamenenepa na kuungana na shina. Hayo ndiyo makovu ambayo mmoja wenu anawaambia wageni kwamba ni alama za radi. Nimesikia kwa masikio yangu. Acheni.

Waya wote mwingine niliukata mwezi ule ule, mti baada ya mti. Miti miwili ilikuwa imeshachelewa, tukaikata. Muiri haukupata kibao tena. Kila mgeni aliyeuliza nilimwambia kwa mdomo: unaitwa muiri, umetoka Gatanga, mbegu yake haikaushwi. Mara hamsini kwa siku, nikiwa na hasira mara arobaini. Lakini walitoka wanajua, na mwizi hakupata cha kuiba.

Sasa Jumanne. Nilikuja na Mama Shiru, ambaye bado anashona, na bado anabeba mkasi kwenye mkoba kama wengine wanavyobeba kitambulisho. Tulilipa langoni kama watu wengine. Tulifika kwenye muiri. Palikuwa na mmoja wenu amesimama pale, msichana wa miwani, vitu vya kusikiliza muziki vimo masikioni. Nikataka kumjaribu.

"Msichana, huu ni mti gani?"

Hakuinua macho kutoka kwenye simu. "Shosho, skani tu hapo kwa kibao."

Nikaangalia. Kibao kipya cha kijani, kizuri, kina zile alama nyeusi za mraba zinazosomwa na simu. Na kimefungwa kwenye shina kwa ule mkanda wa plastiki wenye meno, ule wanaofungia nyaya mafundi wa stima. Umekazwa juu ya madaraja yote matatu. Nilijaribu kupitisha vidole viwili. Hata kimoja hakikupita. Waya wangu angalau ulishika kutu. Huo mkanda hauozi, na ukikazwa haulegezeki, umetengenezwa usilegezeke.

"Nani amefunga hii?" nikamuuliza.

"Tulifunga sisi. Vile vya zamani vilikuwa vinaibwa."

"Najua vinaibwa."

"Na wageni wanasumbua, shosho. Mtu anakuuliza kitu kimoja siku nzima."

Nilimwangalia yule mtoto nikakosa hata nguvu ya kumgombeza. Ilikuwa kama kujisikia mwenyewe nikiongea miaka ile. Basi akaitwa na kikundi cha shule, akaenda.

Mama Shiru hakungoja nimwombe. Alitoa mkasi. Niwaambie wale wasiojua: fundi wa nguo hakati kitu chochote kwa mkasi wake isipokuwa kitambaa. Hata karatasi. Mume wake aliwahi kuutumia kukata kucha na hadi leo anakumbushwa. Aliuma meno, akakata ule mkanda, na tukasikia makali yakilalamika.

"Utaunoa wewe," aliniambia.

"Nitaunoa."

"Na si kwa jiwe. Kwa fundi."

Kibao kilianguka mikononi mwangu. Askari alikuwa anatuangalia kutoka kwenye mitende, na sikuwa na la kumweleza ambalo lingeaminika. Kwa hivyo nilifanya nilichowaona watu wakifanya kwa miaka thelathini na moja. Nilikiingiza chini ya sweta, nikatembea polepole, nikapenda maua, nikatoka langoni.

Kibao kiko kwangu Ruiru, juu ya kabati, kimeegemea ukuta. Simiyu amekiona, akaniuliza ni mti gani huo. Hakuskani. Nilimwambia.

Anayekitaka aje. Sitaki barua wala meneja. Nataka mmoja wenu asimame mlangoni aniambie jina la mti huo na umetoka wapi, simu ikiwa mfukoni, kisha anyooshe vidole vyake viwili nivione. Nitampa kibao, na msumari mrefu, na chai.

Lakini msikawie. Kabla ya kutoka nilipita nikihesabu. Mmefunga miti arobaini na mitatu kwa mikanda hiyo, mingi bado michanga. Sisi tulikata mkanda mmoja. Mvua ndefu inaanza mwezi ujao, mashina yataanza kunenepa, na Mama Shiru ameapa kwamba mkasi wake haukati mwingine.